Chale: Neno Moja na Haiba ya Picha Bubu za Vichekesho

Kamusi za Kiswahili sanifu huliandika neno chale kwa maana mbili zisizo na undugu. Ya kwanza ni ya kale: mkato mdogo wa ngozi uchanjwao kwa wembe ili kutia dawa au kuwa pambo la mwili. Ya pili ni mtu mwenye vitendo vya kuchekesha, na kutokana na maana hiyo lugha imejifanyia neno jingine, uchale, litumikalo kwa sifa na kwa karipio pia. Mzazi amwambiaye mwanawe aache uchale hamtaki anyamaze. Amtaka atulize miguu, mikono na uso. Chale huyu wa pili ni mgeni katika lugha, na dalili zote zaelekeza kwa mtu mmoja, Charles Spencer Chaplin, aliyezaliwa London mwaka 1889 na kufa Uswisi mwaka 1977, ambaye watazamaji wa Kiingereza walimwita Charlie.

Sauti zenyewe zashuhudia. Kiingereza cha London hakitamki r iliyo baada ya irabu na kabla ya konsonanti, kwa hiyo sikio la Mswahili lilipokea cha- pasipo r, kisha -li. Kwa desturi ya matamshi jina hilo lingetazamiwa kuwa chali. Lakini chali ni neno lililokwisha kuwapo. Ni hali ya mtu aliyelala au aliyeanguka mgongo chini, uso juu. Haliwezi kuthibitishwa jambo hili, kwamba ulimi uliepa mgongano huo na kuchagua -e mwishoni. Hata hivyo yapendeza kufikiri kwamba bwana yule aliyepata riziki yake kwa kuanguka chali aliponea chupuchupu kuitwa hivyo. Baada ya kuingia, neno lilipewa haki zote za mwenyeji. Lachukua upatanisho wa viumbe, lazaa nomino ya dhahania, na halihitaji tena kumkumbuka mwenye jina: wengi wamwitao mwenzao chale hawajapata kuona hata picha moja ya Chaplin. Ule usemi wa mjini, machale kumcheza mtu, kwa maana ya kuhisi hatari kabla haijafika, wahitaji kuchunguzwa peke yake; kufanana kwa umbo si ushahidi wa nasaba.

Kiswahili si lugha pekee iliyofanya hivi. Wafaransa walimbatiza Chaplin jina la Charlot, na hata leo mtu asiyeaminika katika kazi yake huitwa charlot kwao. Wahispania wa Marekani ya Kusini na Mexico wametengeneza kitenzi kizima kutokana na jina la mchekeshaji Cantinflas, kwa maana ya kusema sana bila kusema neno. Tofauti yastahili kuangaliwa. Cantinflas aliingia katika lugha kwa ajili ya maneno yake. Chaplin aliingia katika Kiswahili kwa ajili ya mwili wake, na kwa kupitia picha ambazo hazikutoa sauti hata moja.

Kabla yake lugha ilikuwa na mchekeshaji mwingine aliyetoka ng'ambo, naye ni Abunuwasi. Mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9 aligeuzwa na wasimulizi wa pwani kuwa mjanja awashindaye sultani na matajiri. Silaha ya Abunuwasi ni ulimi. Humnasa mkubwa ndani ya maneno yake mwenyewe, na anayesikiliza asipoijua lugha hacheki. Chale hana ulimi. Humshinda mkubwa kwa kuinama wakati ngumi inapokuja, ngumi ikampata mwingine. Lugha haikumwita Abunuwasi wa pili, wala haikuridhika na mcheshi, ambaye hupendeza kwa mazungumzo, wala na damisi, ambaye ni mchangamfu tu. Ilitafuta jina jipya kwa sababu ilikuwa imeona jambo jipya, au, kwa usahihi zaidi, jambo la zamani lililotengwa na maneno kwa mara ya kwanza.

Kuona huko ndiko kiini cha shauri hili. Kwa muda wa miaka thelathini na zaidi wataalamu wa sinema katika makoloni ya Uingereza walifundisha kwamba Mwafrika wa shambani hawezi kuona picha inayotembea.

Historia yake yafaa kukumbukwa kwa ufupi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliongoza jaribio la kuwatengenezea Waafrika sinema za mafunzo, kwa fedha za shirika la Carnegie la New York. Zilitengenezwa picha thelathini na tano, juu ya kodi, safura, chai, akiba ya posta na mambo ya namna hiyo. Zilikuwa za milimita 16, na sauti ilirekodiwa katika sahani za santuri ili lugha iweze kubadilishwa kutoka nchi hata nchi, lori lilipozunguka Afrika Mashariki na Kati. Mwaka 1939 ikaundwa idara ya filamu ya makoloni, ikiongozwa na William Sellers ambaye alikuwa ameanza kazi ya picha za afya Nijeria. Sellers na wenzake waliweka kanuni: picha iende polepole, pasiwe na hila za kamera, tukio lisikatwekatwe, kitu kimoja kisirukwe kwenda kingine bila mtazamaji kushikwa mkono. Katika kanuni hizo mlikuwa na busara ya mwalimu. Mlikuwa pia na dhana kwamba jicho la mtazamaji ni changa.

Kisa kilichoitangaza dhana hiyo duniani kiliandikwa na John Wilson mwaka 1961, na mwaka uliofuata Marshall McLuhan akakitia katika kitabu chake mashuhuri. Wilson asimulia kwamba watu wapatao thelathini walionyeshwa picha ya mkaguzi wa afya aliyekuwa akiondoa maji yaliyotuama katika boma, akiokota makopo matupu moja moja, polepole sana kama kanuni zilivyotaka. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Wenye picha hawakujua kama mna kuku. Ikabidi waipitie picha kipande kwa kipande, ndipo walipomwona: kwa muda wa sekunde moja hivi kuku aliruka katika pembe ya chini. Kutokana na jibu hilo ikajengwa nadharia nzima ya watu wasioweza kuikusanya picha kwa jicho moja, wakatazama sehemu sehemu.

Mtu aliyezoea picha bubu za vichekesho atakisoma kisa hiki kwa namna nyingine. Katika dakika zote zile kulitokea jambo moja tu lisilotazamiwa. Bwana yule aliokota kopo, akaokota kopo, akaokota kopo. Na ghafula kiumbe chenye hofu kikaruka kwa mbawa zake. Watazamaji waliulizwa wameona nini, wakataja tukio. Makopo hayakuwa tukio kwao, kwa kuwa mtu yeyote ameona kopo likiokotwa. Mack Sennett, aliyeanzisha kampuni ya Keystone mwaka 1912 na kumtoa Chaplin mbele ya kamera mwaka 1914, angalimwajiri kuku yule na kumwachisha kazi mkaguzi.

Nadharia hiyo ilikuwa na jambo jingine la kujibu. Katika magari yaleyale ya sinema, baada ya picha za afya na za kilimo, mara nyingi ilionyeshwa picha fupi ya Chaplin ili watu waondoke na furaha. Picha hizo zilivunja kila kanuni. Zaenda mbio, zarukaruka, zatoka ndani ya nyumba hata barabarani bila kuaga, na mambo matatu hutokea mara moja katika pembe tatu za kitambaa. Ajabu ni kwamba watu wale walioambiwa kuwa hawawezi kufuata habari ya choo cha shimo waliifuata habari ya Chaplin pasipo taabu, wakacheka mahali panapostahili kuchekwa. Wenye magari waliliona jambo hilo kwa macho yao. Walio wengi walilieleza kwa kusema kwamba kichekesho ni kitu chepesi, hakihitaji akili.

Kwamba si chepesi, yatosha kuitazama picha moja. The Immigrant, iliyotoka mwaka 1917, yaanza ndani ya meli iliyojaa wahamiaji maskini waendao Marekani. Bahari imechafuka, abiria wanatapika. Chaplin aonekana kwa nyuma, ameinamia ukingo wa meli, mabega yakimtetemeka, miguu ikirusharusha, na kila atazamaye ajua kwamba yeye naye kichefuchefu kimempata. Kisha ageuka, na mkononi ana samaki mkubwa aliyemvua. Kicheko hicho chajengwa juu ya hatua tatu za fikra: mtazamaji aamini jambo, aletewe ushahidi unaolipindua, kisha arudi nyuma akilini na kuisoma upya mitetemeko ile ile kuwa ni mapambano ya mvuvi. Yote hufanyika kwa muda wa pumzi moja. Asiyeweza kuunganisha picha na picha hawezi kucheka hapo.

Zaidi ya hayo, mtazamaji huyo akiwa mvuvi, atacheka kwa sababu nyingine ambayo hata watengenezaji hawakuihesabu. Katika Guta, kijiji kilicho ukingoni mwa Ghuba ya Speke katika wilaya ya Bunda, mabega ya mtu avutaye samaki mzito ni jambo linalojulikana kwa undani kuliko linavyojulikana London au Chicago. Huko mtu ataweza kukadiria uzito wa samaki kwa mgongo wa Chaplin, na atasema kama ameuigiza vema. Ameuigiza vema.

Picha hiyo haikuishia katika samaki. Meli inapokaribia New York, maandishi yatangaza nchi ya uhuru, na sanamu ya Uhuru yaonekana kwa mbali. Papo hapo maofisa wanawazungushia abiria kamba na kuwabana pamoja kama ng'ombe. Chaplin aitazama sanamu mara ya pili kwa jicho la kutia shaka. Ofisa mmoja apata teke la nyuma. Baadaye, mjini, mhudumu wa hoteli mwenye nyusi nene, aliyeigizwa na Eric Campbell, ampiga mteja kwa kuwa alipungukiwa na senti kumi, na Chaplin, ambaye sarafu yake imetoboka mfukoni ikaanguka, alazimika kuendelea kula maharage huku akihesabu kifo chake. Katika nchi zilizokuwa zikitozwa kodi ya kichwa, habari ya mtu anayetafuta sarafu mbele ya mkubwa mwenye ngumi haikuhitaji tafsiri. Watawala wa miaka ya 1920 na 1930 waliogopa sana kwamba sinema zitamwondolea Mzungu heshima, wakashughulika na picha za mapenzi na za wizi. Mateke ya Chaplin waliyaacha yapite kwa kuwa yalikuwa ya mchezo.

Hapa utani wa makabila waweza kuangaza jambo kidogo. Mtani anayo ruhusa ya kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa, kuchechemea kama alivyochechemea, kudai deni lake, kuzuia shughuli hata apewe kitu. Asiye mtani akifanya hivyo atapigwa. Ruhusa hiyo yatokana na mpaka unaojulikana na wote. Picha bubu yajichorea mpaka wa namna hiyo kwa ukimya wake: mtu apigwa nyundo kichwani bila kutoa sauti, bila damu, na dakika inayofuata asimama. Kukosekana kwa sauti ndiko kunakomtangazia mtazamaji kwamba ameingia katika nchi ya utani. Sauti ilipoongezwa mwishoni mwa miaka ya 1920, pigo likawa na mlio wa pigo, na ruhusa ikapungua. Laurel na Hardy walivuka salama. Wengi wengine hawakuvuka.

Lakini ni kosa kudhani kwamba picha hizi zilionyeshwa katika ukimya. Kwao zilipigiwa piano au bendi. Afrika Mashariki zilisemewa. Penye gari la sinema alisimama mkalimani na kipaza sauti, naye hakufasiri tu. Alitaja majina, alionya, alikemea, alijibizana na watu. Picha isiyo na lugha ndiyo iliyompa nafasi kubwa kuliko zote. Kati ya Musoma na Bunda peke yake husikika Kijita, Kikwaya, Kisizaki, Kiikizu, Kizanaki, Kikurya na Kijaluo, bila kuhesabu Kisukuma na Kikerewe vya majirani. Picha ya maneno katika nchi kama hiyo hukosana na nusu ya watu kabla haijaanza. Picha bubu haikosani na mtu, kisha yamwachia mkalimani achague kwa lugha gani watu waungane kucheka.

Na Kiswahili kilikuwa na akiba iliyolingana na kazi hiyo. Mtu hujikwaa, hupepesuka, huyumba, huteleza, huserereka. Huanguka chali, kifudifudi, au kwa makalio. Huanguka pu, hutumbukia majini chubwi, hujipigiza ta, hunyamaza jii. Tanakali za sauti zimedharauliwa na baadhi ya waandishi wa sarufi, wakazitia katika ukurasa wa mwisho pamoja na viingizi. Mbele ya picha bubu ndipo zinapoonekana kuwa fungu la maneno lenye ufundi wa hali ya juu, kwa maana kila moja hutofautisha kitu kilichoanguka, mahali kilipoangukia, na namna. Mkalimani asemaye pu mahali pa chubwi atazomewa.

Maelezo hayo ya wakalimani hayakuhifadhiwa. Makumbusho ya Ulaya na Marekani yana nakala za Chaplin zilizosafishwa kipande kwa kipande, hata vumbi limehesabiwa. Lakini ile nusu ya pili ya onyesho, ambayo kwa watazamaji wa Tanganyika ilikuwa ndiyo onyesho lenyewe, ilipotea hewani usiku uleule. Hasara hii ni ya wanaisimu kabla haijawa ya wapenzi wa sinema. Kinachoweza kuchunguzwa ni kizazi kilichofuata. Lufufu, aliyejipatia jina Dar es Salaam kwa kusimulia picha za kigeni kwa Kiswahili katika mikanda ya video, na wengine waliomwiga katika vibanda vya video nchini kote, waliitendea picha yenye maneno kana kwamba ni bubu: waliizima sauti yake au kuifunika, wakaijaza upya. Wapo waliowalaumu kwa kutofasiri sawasawa. Lawama hiyo yakosea kazi yao. Wao si wafasiri, ni warithi wa yule wa kipaza sauti.

Jambo moja la ufundi halina budi kutajwa, kwa kuwa limeleta upotofu mwingi. Kamera za zamani zilizungushwa kwa mkono, kwa kadiri ya picha 16 kwa sekunde, na mara nyingine kwa makusudi zilizungushwa polepole zaidi ili mwendo uonekane wa haraka. Mashine za sauti huenda kwa picha 24. Kwa hiyo picha ya bubu ikitiwa katika mashine ya sauti bila kurekebishwa hukimbia mara moja na nusu. Ule mwendo wa kurukaruka kama panzi, ambao watoto huuiga wakisema wanafanya uchale, kwa sehemu ni kazi ya Chaplin na kwa sehemu ni kazi ya mashine. Nakala ikionyeshwa kwa kasi yake halisi, mengi hubadilika. Katika The Pawnshop ya mwaka 1916 mteja aleta saa ya mezani ili aweke rehani. Chaplin aisikiliza kwa kipimo cha daktari, aigongagonga, aifungua kwa kifunguo cha makopo kama kwamba ni samaki wa kopo, ainusa, avuta utepe wa ndani na kuupima, atia mafuta vipande vinavyotambaa mezani, kisha akusanya takataka yote katika kofia ya mwenyewe na kutikisa kichwa: haifai. Kwa kasi ya mashine hicho ni kituko. Kwa kasi yake ya haki ni picha ya mtaalamu, mwenye subira na huruma, anayemwua mgonjwa kwa ustadi. Msomaji aliyepata kukaa mbele ya meza ya ofisi huku karatasi zake zikikaguliwa ataitambua ile tikisa ya kichwa.

Si kila picha ya zama zile ifikiayo hapo. Nyingi za Keystone za mwaka 1914 ni mateke yasiyo na sababu, na watu kukimbizana mpaka ukanda uishe. Kuna aibu kubwa zaidi. Wachekeshaji wa Marekani waliona urahisi mno kujipaka masizi na kumfanya mtu mweusi kuwa mwoga au mjinga. Buster Keaton, mwenye akili kuliko wote katika kazi hii, aliutumia mzaha huo katika Neighbors ya mwaka 1920. Wahariri wa leo hupenda kupita juu ya vipande hivyo kwa kusema kwamba zama zilikuwa hivyo. Mhakiki wa Kiswahili hawezi kupita upesi namna hiyo. Kipande cha Neighbors hakifai kwanza kwa dhuluma yake, kisha kwa sanaa yake: kila kicheko kingine katika picha hiyo chatokana na kamba, uzio na dirisha, vitu ambavyo Keaton alivipima kwa macho yake, na hicho kimoja chatokana na dharau aliyoikuta tayari sokoni. Chaplin alianguka katika shimo hilo kwa nadra, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya jina lake kukubaliwa na lugha za watu wengi weusi.

Uzao wa picha hizi nchini ni mpana kuliko unavyokubaliwa. Picha za Kiswahili zilizotengenezwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, kama Muhogo Mchungu ambamo Rashidi Kawawa, waziri mkuu wa mwaka 1962, aliigiza, zilikuwa za mafunzo na za maneno. Vichekesho vya vikundi vya sanaa vya miaka ya 1980, vilivyochezwa katikati ya ngoma na taarabu, vilitumia zaidi matumbo ya kupachika, nguo zisizotoshea na kuelewana vibaya. Amri Athumani wa Tanga, aliyejulikana kwa jina la Mzee Majuto na kufariki Agosti 2018, alikuwa chale kwa maana kamili ya neno, maana uso wake ulifika kabla ya maneno na ulibaki baada yake. Baadhi ya waliomfuata wamechukua nguo wakaacha kipimo cha wakati. Hupiga kelele mahali ambapo Majuto angesimama kimya na kutazama. Njia nyingine ilipitia Hong Kong. Jackie Chan, apendwaye katika kila kibanda cha video, amemtaja Keaton kuwa mwalimu wake, na katika Project A ya mwaka 1983 aanguka kutoka mnara wa saa kwa kumkumbuka Harold Lloyd, aliyening'inia katika mshale wa saa ya ghorofani mwaka 1923. Hivyo kijana wa Bunda aliyeshangilia anguko lile mbele ya video alikuwa akishangilia picha bubu asiyoijua kwa jina.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikipatia Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare, na katika kazi hiyo kila mzaha wa maneno ulikuwa mwamba wa kuzungukwa. Katika picha bubu miamba hiyo ni michache, nayo yastahili kutafutwa, maana ndiyo mahali pa pekee ambapo mtazamaji wa Guta angeachwa nyuma.

Mmoja upo katika The Boat ya Keaton, ya mwaka 1921. Mwanamume ajenga mashua ndani ya chumba cha chini cha nyumba yake. Imekwisha, haipiti mlangoni. Aipanua njia kidogo, aivuta kwa motokaa, na mashua ikitoka nyumba nzima yaporomoka nyuma yake. Haangalii sana nyuma. Afika bandarini, motokaa yatumbukia majini na kupotea. Mashua yashushwa, yateremka katika maji kwa heshima, Keaton akiwa amesimama wima mbele kama nahodha, uso mkavu, na yaendelea kuteremka bila kusita, mpaka maji yamfika magoti, kifua, shingo, na kofia peke yake yabaki ikielea. Hakuna jambo hapo ambalo mjenzi wa mashua wa Ghuba ya Speke hatalijua kabla ya Keaton mwenyewe: atamwona fundi akikosea mlango, atashika kichwa, ataanza kucheka mapema kuliko mtazamaji wa mjini kwa kuwa ameona ubao uliozibwa vibaya. Baadaye familia yaingia baharini, dhoruba yavuma, baba apeleka simu ya kuomba msaada. Askari wa pwani auliza ni chombo gani. Jina la mashua ni Damfino, ambalo kwa masikio ya Kiingereza ni tusi dogo la mtu asemaye kwamba hajui hata kidogo. Askari adhani anafanyiwa mzaha, akata simu. Mwishoni, usiku, watu wale wasimama pwani wasikokujua. Mke auliza wako wapi. Keaton ajibu kwa midomo tu, bila maandishi yoyote kutokea, na ajuaye Kiingereza asoma katika midomo jina la mashua.

Mzaha huo wa maneno, uliotengenezwa kwa Kiingereza cha mitaani, ungalitazamiwa kufa Afrika Mashariki. Mkalimani mwenye kipaza sauti angaliuokoa kwa neno moja, tena lenye adabu kuliko la asili. Vyombo vya pwani na vya ziwa huandikwa majina ubavuni, na jina laweza kuwa neno lolote. Angaliiita mashua Sijui. Chombo gani? Sijui. Jina lake nani? Sijui. Askari akasirika, akata simu. Kisha pwani, gizani, mke auliza: tuko wapi? Na midomo ya Keaton yatikisika.